Monita mbili kwa doki moja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nairobi

Nairobi ya sasa ina watu wengi wanaofanya kazi na laptopu moja iliyozungukwa na skrini: mhasibu anayelinganisha taarifa ya benki na hesabu zake, mtafsiri mwenye maandishi mawili mbele yake, wakili anayesoma mkataba huku na kuandika maoni kule. Doki moja, yaani kisanduku chenye matundu mengi kinachochomekwa kwenye laptopu, inaweza kuwaunganishia monita mbili, kibodi, kipanya, intaneti ya waya na chaji kwa kebo moja tu. Shida ni kwamba wengi hununua doki kwanza, halafu ndipo wanaulizia laptopu. Hapo ndipo pesa inapotea. Anza na laptopu kila mara. Majibu yaliyo hapa chini yameandikwa kwa mtazamo huo.

Nikinunua doki nzuri, si monita zote mbili zitawaka tu?

Si lazima. Doki za kawaida hazitengenezi picha. Picha inatengenezwa na chipu ya michoro ndani ya laptopu, inapita kwenye tundu la USB-C, kisha doki inaipokea na kuigawia monita. Tundu hilo lisipotoa picha, doki itachaji, itasoma flashi diski, itakupa intaneti, na monita zitabaki nyeusi.

Kuna njia tatu za kupitisha picha mbili kwenye doki moja, na inafaa uzijue kwa majina kabla ya kwenda dukani. Ya kwanza ni USB-C yenye DisplayPort, yaani mfumo wa kupeleka picha kwenye monita, ndani yake: laptopu inatuma mkondo mmoja wa picha, na doki inaugawa mara mbili kwa mbinu iitwayo MST, iliyoanza na DisplayPort 1.2. Ya pili ni Thunderbolt. Tundu lake lina umbo lilelile la USB-C, lakini njia yake ni pana zaidi, gigabiti 40 kwa sekunde kwa Thunderbolt 3 na 4, na inaweza kubeba mikondo miwili ya picha, kila mmoja peke yake. Ya tatu ni DisplayLink, ambayo haihitaji tundu la picha hata kidogo. Hiyo ina swali lake hapa chini.

Nitajuaje kama USB-C yangu inatoa picha?

Angalia alama iliyo kando ya tundu. Umeme wenye ncha ya mshale ni Thunderbolt, na hapo uko salama. Herufi D iliyofumbata P ni DisplayPort, na hapo pia uko salama. Ukiona tu ile alama ya USB yenye matawi matatu pamoja na herufi SS, mara nyingi tundu hilo ni la data peke yake. Kuna alama moja inayowapotosha watu: laptopu nyingi zina mchoro wa umeme kando ya USB bapa ya kawaida. Hiyo si Thunderbolt. Maana yake ni kwamba tundu hilo linaweza kuchaji simu, basi.

Watengenezaji wengine hawachori chochote. Hapo geuza laptopu, usome namba kamili ya modeli, kisha utafute ukurasa wa vipimo wa mtengenezaji mwenyewe. Nasema namba kamili kwa sababu jina la familia halitoshi. ThinkPad T460 ya Lenovo haina USB-C kabisa; T470 ina moja yenye Thunderbolt 3; T480 ina mbili, na moja tu kati yake ndiyo Thunderbolt. HP EliteBook 840 G5 ina Thunderbolt 3. Dell Latitude 7480 inasumbua zaidi: Thunderbolt ilikuwa ya hiari kwa mnunuzi wa kwanza, kwa hiyo laptopu mbili zinazofanana kama pacha mezani pa muuzaji zinaweza kuwa tofauti. Zote mbili zinatoa picha kwa USB-C, lakini moja pekee ndiyo itakayotumia doki ya Thunderbolt ipasavyo.

Jaribio la uhakika ni hili: azima adapta ndogo ya USB-C kwenda HDMI, uichomeke kwenye laptopu na kwenye monita au televisheni yoyote. Picha ikitokea, tundu linatoa picha. Dakika moja ya jaribio hilo inashinda maelezo yote utakayopewa na mtu anayetaka kukuuzia kitu.

Laptopu yangu ni ya zamani, ina USB bapa na HDMI tu. Nifanyeje?

Doki ya DisplayLink ndiyo yako. Dell D3100, kwa mfano, inaunganishwa kwa USB bapa ya kawaida na ina matundu mawili ya HDMI na moja la DisplayPort. Ichomeke kwenye USB 3.0, lile tundu ambalo kwa kawaida huwa la buluu ndani. Ukiichomeka kwenye USB 2.0 picha itaburutika hadi uchoke.

Pia kuna doki za zamani ambazo laptopu inakaa juu yake au inabanwa ubavuni: E-Port za Dell, UltraSlim za HP, na zile za ThinkPad zenye kitufe cha kuachilia. Ni imara sana na hazihitaji draiva (programu ya kuiwezesha laptopu kutumia kifaa), lakini kila moja inakubali laptopu za kizazi chake tu. Usinunue ya namna hiyo ukitarajia kuitumia na laptopu utakayonunua mwaka ujao.

DisplayLink ina kasoro gani?

Inafanya kazi kwa njia tofauti kabisa: programu ndani ya laptopu inaibana picha, inaituma kama data ya kawaida ya USB, na chipu iliyo ndani ya doki inaifungua. Kwa hiyo ni lazima usakinishe draiva, na prosesa ya laptopu inabeba mzigo wa ziada. Kwa barua pepe, hesabu, kuandika na mikutano ya mtandaoni inatosha kabisa, na mimi naipendekeza bila kusita kwa kazi za aina hiyo. Kwa michezo au kuhariri video, hapana. Na filamu za kulipia zinaweza kuonyesha weusi mtupu, hasa kwenye Mac, kwa sababu ulinzi wa nakala hauruhusu picha kupita njia hiyo.

Kama laptopu ni ya ofisi na huna ruhusa ya kusakinisha programu, zungumza na watu wa kompyuta wa ofisini kabla hujalipa. Doki ya DisplayLink bila draiva ni hub ya USB, kigawaji tu cha matundu, ya bei kubwa.

Lazima ninunue doki kweli?

Hapana. Kama laptopu ina HDMI na USB-C inayotoa picha, chomeka monita moja kwenye HDMI na ya pili kwa kebo ya USB-C kwenda HDMI au DisplayPort. Utakuwa na monita mbili kwa gharama ya kebo moja. Doki inakulipa pale unapobeba laptopu kila siku kati ya nyumbani na ofisini na umechoka kuchomoa kebo nne asubuhi na kuzirudisha jioni.

Nina MacBook. Mbona monita zote mbili zinaonyesha picha moja?

Kwa sababu macOS haitumii MST kupanua skrini. Doki ya USB-C yenye HDMI mbili, ambayo kwenye Windows inatoa skrini mbili tofauti, kwenye Mac itakupa picha ileile mara mbili. Hakuna mpangilio wa kubadilisha hilo. Doki si mbovu na Mac yako si mbovu. Ni njia mbili zisizokutana.

Kinachofuata kinategemea chipu yako. Bofya alama ya tufaha juu kushoto, ufungue About This Mac. Ikiwa ni M1 au M2 ya kawaida, yaani isiyo na neno Pro au Max, laptopu hiyo inaendesha monita moja tu ya nje, hata uchomeke doki ya Thunderbolt ya bei ya juu kuliko zote. Njia iliyobaki ni DisplayLink. MacBook Air ya M3, iliyotoka 2024, inaendesha mbili lakini ukiwa umefunga kifuniko. MacBook Pro ya inchi 14 yenye M3 ya kawaida ilipata uwezo huohuo kupitia sasisho la macOS 14.6. Kuanzia M4, monita mbili zinawaka na kifuniko kikiwa wazi. Chipu za Pro zinaendesha mbili au zaidi tangu M1 Pro, na za Max hufika nne.

Kwa hizo zenye uwezo wa mbili, nunua doki ya Thunderbolt, au peleka kila monita kwenye tundu lake. Ukitumia DisplayLink kwenye Mac, programu yake itaomba ruhusa ya kurekodi skrini. Ruhusa hiyo inawatia watu hofu, na wana haki ya kuuliza, lakini ndiyo njia pekee ambayo macOS inaipa programu ili iweze kusoma picha na kuituma nje. Ukiikataa, monita hazitawaka.

Nimeona watu wakiuza M1 nzuri kwa hasara wakidhani imeharibika. Tafadhali usifanye hivyo kabla ya kujaribu DisplayLink.

Mimi natumia Windows na bado monita zinaiga picha moja.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague Extend. Mara nyingi ni hilo tu.

Monita moja inawaka, ya pili inaandika "No Signal". Nianzie wapi?

Anza na monita yenyewe. Monita nyingi zina matundu kadhaa, na nyingine hubaki zikisubiri picha kwenye VGA huku wewe umechomeka DisplayPort. Bonyeza kitufe cha menyu chini ya skrini, uchague chanzo sahihi kwa mkono.

Kisha badilisha kitu kimoja kwa wakati. Chukua kebo ya monita inayowaka, uitie kwenye ile isiyowaka, bila kugusa kingine. Ikiwaka, kebo yako ya pili ndiyo yenye tatizo. Isipowaka, rudisha kebo, halafu hamisha monita hiyo kwenye tundu jingine la doki. Ukibadilisha kebo na tundu kwa pamoja hutajua kilichoponya, na kesho tatizo litarudi ukiwa katikati ya mkutano.

Kama vyote ni vizima, chomoa doki kwenye laptopu, chomoa chaja ya doki ukutani, subiri nusu dakika, rudisha umeme wa doki kwanza, monita pili, laptopu mwisho. Doki ina kompyuta ndogo ndani yake na wakati mwingine inahitaji kuanza upya kama kifaa kingine chochote. Kwenye Windows unaweza pia kubonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Skrini itapepesa kidogo na draiva ya michoro itaanza upya bila kufunga kazi zako.

Baada ya hapo angalia uwezo. Monita ya kwanza ikiwa ya 4K, yenye picha kali zaidi na data nyingi, inaweza kumeza njia yote na kuiacha ya pili bila nafasi. Shusha ya kwanza hadi 1080p, ukali wa kawaida, uone kama ya pili itaamka. Ikiamka, nenda kwenye swali la 4K.

Mwisho ni masasisho: BIOS ya laptopu (programu ya msingi inayoiwasha), draiva ya michoro, na programu ya ndani ya doki, vyote kutoka kwa tovuti ya mtengenezaji. Kwa wenye ThinkPad za miaka ya 2017 hadi 2019, T480 ikiwemo, hili si la kupuuza. Lenovo ilitoa sasisho muhimu la Thunderbolt kwa laptopu hizo baada ya matundu ya USB-C ya baadhi yake kuanza kugoma. Laptopu nyingi za aina hiyo ziliuzwa mtumba bila mtu kulisakinisha. Na kama doki yako ni ya Thunderbolt, fungua BIOS uhakikishe Thunderbolt imeruhusiwa; laptopu za kampuni mara nyingi huja zikiwa zimefungwa.

Naweza kuendesha 4K mbili?

Inategemea njia, na hapa hesabu inasaidia kuliko maneno. Monita ya 1080p kwa hertz 60, yaani picha 60 kwa sekunde, inahitaji takriban gigabiti 3.3 kwa sekunde. Ya 1440p inahitaji karibu 5.8. Ya 4K kwa hertz 60 inahitaji karibu 12.8.

Sasa, USB-C ina njia nne za kasi. Doki ya kawaida inachukua mbili kwa ajili ya picha na kuziacha mbili kwa USB. Laptopu ya Intel ya kizazi cha 8, kama nyingi zilizo madukani Nairobi, inatoa DisplayPort 1.2, na njia zake mbili zinabeba gigabiti 8.64. Weka monita mbili za 1080p: jumla ni 6.6, zinaingia vizuri. Weka 4K moja kwa hertz 60: haiingii, ndiyo maana inashuka hadi hertz 30 na kipanya kinaanza kuonekana kizito. Weka 1440p mbili: hazitoshi. Laptopu zenye DisplayPort 1.4, kama za Intel kizazi cha 11, zinabeba karibu gigabiti 13 kwa njia hizohizo mbili, na hapo 1440p mbili zinaingia. Doki zenye ubanaji wa DSC huongeza nafasi zaidi, mradi laptopu nayo inaujua.

Ukitaka 4K mbili kwa hertz 60 bila wasiwasi, tafuta laptopu ya Thunderbolt 4 na doki ya Thunderbolt 4. Kiwango hicho, kilichotangazwa 2020, kinalazimisha laptopu kuweza kuendesha skrini mbili za 4K. Thunderbolt 3 ililazimisha moja tu, ingawa laptopu nyingi ziliweza mbili.

Kwa maoni yangu, mtu wa hesabu na maandishi hahitaji 4K mbili. Monita mbili za 1080p za inchi 24 zinazosimama kwa urefu mmoja zitampa raha zaidi kuliko 4K moja na nyingine ndogo iliyoegemezwa kwenye vitabu.

Naweza kutumia kebo ya chaja ya simu kati ya doki na laptopu?

Usiitumie. Kebo nyingi za simu zina nyaya za USB 2.0 na za umeme tu. Zile nyaya za kasi zinazobeba picha hazimo. Laptopu itachaji, utadhani kila kitu kiko sawa, na monita hazitawaka. Tumia kebo iliyokuja na doki, au nunua iliyoandikwa wazi kasi yake na wati zake. Kebo ya USB-C ya kawaida inabeba hadi wati 60. Kuvuka hapo inahitaji chipu ndogo ndani yake. Kwa Thunderbolt chagua fupi, isiyozidi mita moja.

Upande wa monita, HDMI 1.4 inaishia 4K ya hertz 30. Inayofika hertz 60 ni HDMI 2.0.

Monita yangu ina VGA na DVI tu. Niitupe?

Usiitupe. HDMI kwenda DVI ni kebo rahisi kwa sababu zote mbili ni za dijitali. Kwa VGA unahitaji kigeuzi chenye chipu ndani, kile kidogo kinachouzwa karibu kila duka la vifaa vya kompyuta, na kwa 1080p kinatosha. Jambo la kukumbuka ni mwelekeo: adapta nyingi zinaenda upande mmoja. Ile ya kutoka DisplayPort ya doki kwenda HDMI ya monita haitafanya kazi ukiigeuza. Kutoka HDMI kwenda DisplayPort kunahitaji kigeuzi maalumu, kwa kawaida chenye kebo ya pembeni ya kukipa umeme.

Nimeona doki ya ex-UK (iliyotumika Uingereza) pale barabara ya Luthuli kwa bei nzuri. Nikague nini?

Nenda na laptopu yako, chaja yake, na kama unaweza, kebo mbili za monita. Mwambie muuzaji kwa heshima, "Ndugu yangu, naomba nijaribu na laptopu yangu kwanza." Muuzaji mzuri atakutolea monita mbili kutoka rafu. Akisema doki zote ni sawa, mshukuru na uendelee na safari. Kutoka Luthuli hadi Moi Avenue hakukosi maduka mengine.

Anza na kebo iliyoshikamana na doki. Doki nyingi, kama Dell WD15 na WD19, haziji na kebo unayochomoa wewe mwenyewe kwa urahisi, kwa hiyo kebo ikifa, kuibadilisha ni kazi. Pitisha vidole kwenye shingo yake, pale inapokutana na kichwa cha USB-C. Ukisikia plastiki imelegea, au ukiona mpasuko na nyaya zinachungulia, iache. Chungulia ndani ya kichwa: ule mdomo wa chuma uwe wa duaradufu kamili, usiwe umebonyea. Chomeka, kisha itikise kebo taratibu huku ukitazama monita. Picha isikatike.

Halafu soma chaja. Doki nyingi za mtumba huuzwa na chaja ambayo si yake. Chini ya chaja kuna maandishi ya Output. Zidisha volti kwa ampea. 19.5V na 6.67A ni wati 130. 19.5V na 9.23A ni wati 180. 20V na 4.5A ni wati 90. Linganisha na zile zilizoandikwa chini ya doki yenyewe. Chaja dhaifu inafanya doki ionekane mbovu: monita zinazima ukianza kuchaji, USB zinakatika ovyo. Kwenye Input iandikwe 100-240V, na kebo ya ukutani iwe na pini tatu za mraba za hapa kwetu, si ile ya pini bapa iliyotiwa adapta inayocheza.

Jaribu kila tundu: picha zote mbili kwa pamoja, kila USB kwa flashi diski, tundu la intaneti, sauti. Hakikisha monita zinaonyesha skrini tofauti, kwa sababu wakati mwingine utaonyeshwa picha moja iliyoigwa na kuambiwa "unaona, zote zinafanya". Kuwa mwangalifu na doki za kwanza za Thunderbolt 3: nyingi hazitoi picha kwenye USB-C ya kawaida, hata kichwa kikiingia vizuri.

Ukiridhika, lipa, na udai risiti yenye namba ya utambulisho ya kifaa (serial number) na muda wa kurudisha ulioandikwa. Ujumbe wa M-Pesa unathibitisha kwamba ulilipa. Hauthibitishi ulinunua nini.

Doki itachaji laptopu yangu?

Ikiwa laptopu inakubali chaji ya USB-C, ndiyo. Angalia doki inatoa wati ngapi kwa laptopu, si wati za chaja yake, kwa sababu doki inajiwekea sehemu. WD19 yenye chaja ya wati 180 inaipa Dell hadi wati 130, na laptopu za kampuni nyingine hadi 90. Laptopu nyembamba za ofisi zinaridhika na 45 au 65. Zile za michezo, na nyingi zenye chaja ya pini ya duara pekee, zitahitaji chaja yake kando, na hakuna ubaya.

Stima ikipotea inakuwaje?

Laptopu inaendelea kwa betri, monita na doki zinazima, na madirisha yote yanarukia skrini ndogo. Kazi haipotei, ila kilichokuwa kinatumia intaneti ya waya kupitia doki kitakatika. Mtu anayefanya kazi na wateja wa nje, kwa saa ambazo hawezi kuziahirisha, aweke doki, monita moja na ruta kwenye UPS, yaani betri ya akiba. Monita ya pili inaweza kusubiri.

Linaloharibu vifaa zaidi ni stima inaporudi kwa kishindo. Tumia ekstensheni yenye kinga, au kile kifaa ambacho wengi wanakiita TV guard, kinachosubiri umeme utulie kabla ya kuuruhusu kupita. Doki ikikataa kuamka baada ya hapo, ichomoe ukutani nusu dakika.

Tangu niweke doki, kipanya kisicho na waya kinasita na Wi-Fi imekuwa dhaifu.

USB 3.0 hutoa kelele ya redio kwenye masafa ya gigahertz 2.4, yaleyale ya kipanya chako na ya Wi-Fi ya zamani. Hamisha kile kipokezi kidogo cha kipanya mbali na kebo ya doki, hata kwa ekstensheni fupi ya USB, na uhamishe laptopu kwenye Wi-Fi ya gigahertz 5. Afadhali zaidi, tumia waya wa intaneti. Tundu lake umeshalilipia.

Kipanya hakivuki kwenda monita ya pili, au maandishi ni makubwa upande mmoja.

Fungua mipangilio ya skrini, ubofye Identify, kisha uburute vile visanduku hadi vifanane na monita zilivyokaa mezani, urefu kwa urefu. Kipanya kinavuka pale tu visanduku vinapogusana. Maandishi yanarekebishwa kwa Scale, kila skrini kivyake.

Nikifunga kifuniko laptopu inalala.

Kwenye Windows, ingia kwenye mipangilio ya umeme, uambie laptopu isifanye kitu kifuniko kikifungwa ikiwa kwenye chaji. Mac inahitaji iwe kwenye chaji na iwe na kibodi na kipanya vya nje. Iweke wima au iinue kidogo. Feni inahitaji hewa.

Linux je?

Doki za USB-C na Thunderbolt hufanya kazi bila kusakinisha kitu kwenye matoleo ya sasa. DisplayLink inahitaji draiva yake, na ina tabia ya kuvunjika kerneli, yaani kiini cha mfumo, ikisasishwa. Mtu wa Linux aepuke DisplayLink akiweza.

Baadaye naweza kuongeza monita ya tatu kwenye doki ileile?

Doki inaweza kuwa na matundu matatu, lakini hesabu skrini, siyo matundu. Chipu za michoro za Intel za kizazi cha 8, kama UHD 620, zinaendesha skrini tatu kwa jumla, na ile ya laptopu ni mojawapo. Ukifunga kifuniko, nafasi yake inaachiliwa na monita ya tatu inaweza kuwaka, mradi njia iwe na nafasi. Iris Xe za kizazi cha 11 zinafika nne. Ukiwa umefika kikomo na bado unataka nyingine, adapta ndogo ya DisplayLink kwenye USB bapa itaiendesha hiyo moja ya ziada, kwa kitu chepesi kama barua pepe au kalenda.